Swichi ya taa ya bafuni inasumbua? Itazame kwanza kabla ya kununua mpya

Mvua zikianza, Oktoba au Novemba hivi, simu za aina moja huanza kuingia na haziishi mpaka mwezi wa tano. "Fundi, swichi ya bafuni imekufa, ninunue ya namna gani?" Anayepiga ameshajua ugonjwa, anatafuta dawa tu. Nafanya umeme wa majumbani hapa Kigoma, zaidi Mwanga, Gungu na Ujiji, na swichi nyingi za bafuni nilizoitwa kubadilisha nilizikuta nzima. Zile zilizokufa kweli ziliuawa na kitu kingine, na kitu hicho kikiachwa, swichi mpya nayo itakwenda hukohuko.

Nimezipanga dalili jinsi watu wanavyonieleza kwenye simu. Tafuta ya kwako, ila sehemu hii inayofuata usiiruke.

Usalama kwanza

Swichi ikiwa imezimwa, ndani ya boksi umeme bado upo. Waya wa laivu, yaani ule unaoleta umeme, unatoka kwenye breka, unafika kwenye swichi na kusubiri. Kazi ya swichi ni kuuruhusu uendelee hadi kwenye taa au kuuzuia. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, haipiti hapo, inakwenda moja kwa moja kwenye holda, kile kishikio cha balbu. Ndiyo maana ukifungua kifuniko mara nyingi unakuta nyaya mbili tu, zote nyekundu kwa nyumba za zamani au zote kahawia kwa hizi za sasa. Ukikuta mmoja ni mweusi au bluu, usijipe moyo kwamba huo ni nyutro. Huenda fundi aliyefunga alikuwa na roli hiyo mkononi siku ile. Zote mbili zihesabu kuwa laivu.

Kabla ya kuzima, chomeka testa kwenye soketi unayojua ina umeme, uone kataa kake kanawaka. Testa za bisibisi za bei ya chini hufa kimyakimya, na testa iliyokufa itakwambia kila waya ni salama. Halafu zima mein swichi, maana kwenye nyumba nyingi breka hazijaandikwa ipi ni ya nini, na waambie waliomo ndani wasiirudishe. Sasa gusa kila skrubu ya swichi kwa testa.

Mambo mawili yanawaponza watu wetu hapa. Tumeishi miaka mingi na mgao, na umeme wa majenereta kabla ya gridi ya Taifa, kwa hiyo nyumba nyingi zina sola au inveta na betri. Inveta haijui kwamba umezima mein. Wewe umeondoa umeme wa TANESCO, yenyewe inaona umekatika, inawasha taa zake, na bafuni huenda ni mojawapo. Zima na hiyo. La pili ni mtu kusema, "Umeme umekatika, ngoja niwahi kubadilisha." Mein iko juu, mikono imo ndani ya boksi, na umeme unarudi bila kupiga hodi. Zima hata kama mtaa mzima uko gizani.

Kutoa swichi na kuweka nyingine ya aina ileile ni kazi ndogo. Kuvuta waya mpya, kuihamisha swichi au kufungua mein ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.

Taa haiwaki kabisa

Hapa usiguse swichi. Angalia LUKU kama uniti zipo, angalia kama taa za vyumba vingine zinawaka, kisha chukua balbu ya chumbani inayowaka uiweke bafuni. Zaidi ya nusu ya simu hizi zinaishia kwenye balbu.

Balbu nzima ikikataa kuwaka, tazama holda, mein ikiwa imezimwa. Holda za pini zina vidole viwili vya shaba vyenye springi. Bafuni springi hizo hushika kutu, kidole kinazama na hakirudi, balbu inakaa vizuri kwa macho lakini haigusani na kitu. Za skrubu zina ulimi katikati ambao hulala chini. Holda ikiwa na kutu, badilisha holda, swichi iache.

Vyote vikiwa sawa ndipo uishtaki swichi. Mwenye mita ya kupimia nyaya (si ile ya LUKU) azime mein, atoe waya mmoja kwenye swichi, aiweke mita kwenye mlio na kushika skrubu mbili za swichi. Ukiwasha ilie, ukizima inyamaze. Ikinyamaza kote, imekufa. Ikilia kote, ndani imegandana.

Inawaka ikitaka, au mpaka uipige

Tazama kwanza taa nyingine na feni. Kama zote zinapepesa, tatizo ni umeme mdogo au kiungo kilicholegea huko juu, na kama hata jirani analalamika, ripoti TANESCO. Ikiwa ni bafuni peke yake, kuna mambo mawili.

La kawaida ni skrubu ya terminali, pale waya unapobanwa kwenye swichi, kulegea. Waya wa shaba unapata joto na kupoa kila siku, na kama fundi alikaza kwa haraka, miezi ikipita unalegea. Kaza, umemaliza. La pili ni ulimi wa ndani wa swichi kuliwa na cheche. Kila unapozima, kacheche kadogo kanaruka kati ya ncha mbili za chuma. Usiku, taa nyingine zikiwa zimezimwa, unaweza kukaona kwenye swichi nyembamba za bei nafuu, bluu, kanatokea na kupotea. Baada ya maelfu ya mara ncha zinakuwa nyeusi na zina vishimo. Hakuna kutengeneza hapo, badilisha.

Kuna na sisimizi. Wanapenda kujenga ndani ya boksi, na wakibanwa kati ya ncha zile, swichi inakuwa laini kama inakandamiza unga na taa inakataa. Niliwahi kumwaga kijiko kizima kutoka boksi moja Katubuka.

Inachemka, inanuka, kifuniko kimekuwa njano

Dalili hii siiachi ilale. Weka mgongo wa kiganja juu ya kifuniko baada ya taa kuwaka nusu saa. Swichi ya taa moja haina sababu ya kuwa na joto lolote. Ikiwa na joto, ikilia chrrr kama kitu kinakaangwa, au ikinuka plastiki, zima mein sasa hivi.

Skrubu iliyolegea inaweza kuleta hayo. Lakini bafuni, mshtakiwa wangu wa kwanza siku hizi ni hita ya kuogea, ile inayofungwa juu na kuchemsha maji yanapopita. Watu wananunua hita, fundi wa haraka anaangalia juu, anaona waya wa taa uko karibu, anaunga hapo. Maji yanachemka, mwenye nyumba anafurahi, fundi analipwa.

Sasa piga hesabu. Balbu ya LED ya wati 9 kwa volti 230 inakula kama ampea 0.04. Hita ya wati 5,500 inakula karibu ampea 24, yaani zaidi ya mara 600 ya ile balbu. Swichi ya taa huandikwa nyuma 6A au 10A, na waya wa taa ni wa 1.5 mm². Breka ndogo ya taa ingeanguka na kukuokoa, ila fundi yuleyule akiona inaanguka anaweka kubwa zaidi, na hapo umeondoa mlinzi. Kinachobaki kuungua ni swichi au waya ulioko darini ambao huuoni. Niliwahi kufungua swichi ya namna hiyo Mwanga: kwa nje kifuniko cheupe kizuri, kwa nyuma plastiki imeyeyuka ikauvaa waya kama nta, na ganda la waya likavunjika mkononi kama ganda la karanga.

Hita ya ukubwa huo inataka njia yake kutoka mein: kebo ya 4 mm² kwa uchache (mimi huweka 6), breka yake ya ampea 32, swichi yake kubwa inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ethi ya uhakika (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), na kinga ile inayokata umeme unapovuja. Swichi ya taa hata uinunue ya bei gani haitaiweza. Ukiambiwa "weka swichi ngumu zaidi", tafuta fundi mwingine.

Inatekenya vidole au inapiga shoti

Usibadilishe chochote kabla hujajua umeme unatokea wapi. Ikiwa mtu anatekenywa akigusa skrubu za kifuniko, uwezekano mkubwa boksi la ndani ni la chuma na waya wa laivu umechubuka ukaligusa. Hapo kuna makosa mawili kwa pamoja, maana ethi ingekuwa hai breka ilipaswa kuanguka zamani. Mara nyingi nakuta waya wa ethi haukuunganishwa kwenye boksi, au ile nondo ya ethi nje ilikatwa wakati wa kujenga baraza na hakuna aliyejali.

Kama anatekenywa akigusa plastiki yenyewe, tafuta ufa au maji. Kigoma mkono unaofika kwenye swichi ya bafuni umelowa, na mama aliyetoka kukaanga migebuka anafika na mkono wa mawese. Mafuta yenyewe hayapitishi umeme, ila yanashika vumbi na unyevu mpaka pembeni mwa kidude cha kubonyeza panakuwa na tope jeusi.

Na ukisikia shoti ukigusa bomba la maji au hita, hilo halina uhusiano na swichi ya taa. Zima mein, mtu asioge, ita fundi.

Swichi mpya inakufa baada ya miezi miwili

Hapa natakiwa kukiri. Miaka yangu ya mwanzo kulikuwa na mama mmoja Ujiji, nyumba ya uani, bafu limejengwa pembeni na swichi iko nje ya mlango chini ya upenu. Nilimbadilishia swichi tatu ndani ya masika moja. Ya tatu ilipokufa nikarudi, nikaamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba baba," akavuta kigoda, akanitazama nikifungua. "Hivi mwanangu, hizi swichi unaniletea zimeshakufa, au zinakuja kufia kwangu?"

Sikuwa na jibu. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na sasa ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, ukuta umeshakauka. Nikatoa kifuniko na kwa mara ya kwanza nikatulia kutazama badala ya kushika bisibisi. Kwenye mdomo wa bomba la konduiti, lile linalobeba nyaya, pale linapoingia juu ya boksi, tone la maji lilikuwa linaning'inia. Likavimba, likadondoka juu ya terminali, na baada ya muda likaanza kuvimba lingine. Shaba chini yake ilikuwa ya kijani.

Nikapanda juu. Bati lilikuwa na tundu la msumari uliong'oka, na mdomo wa bomba la waya ulikuwa umekaa sawasawa chini yake, wazi, unatazama mbingu. Bomba nililolifunga mwenyewe lilikuwa limegeuka mfereji, linachukua maji ya bati na kuyapeleka kwenye swichi. Nikaziba tundu, nikaupindisha mdomo wa bomba utazame chini, nikaujaza silikoni kuzunguka nyaya, na chini ya boksi nikatoboa katundu ka maji kutokea. Swichi ya nne sikumtoza.

Tangu hapo, swichi ya bafuni ikifa mara ya pili sinunui ya tatu kabla ya kupanda juu. Si lazima liwe tundu la bati. Mvuke wa maji ya moto unapanda kupitia tundu la taa, unaingia kwenye bomba, usiku bomba linapoa, mvuke unakuwa maji na kuteremka. Tuko kando ya ziwa, hewa yenyewe ina maji. Ishara ni ile kijani kwenye shaba, kutu kwenye skrubu za kifuniko, au rangi ya ukuta kuvimba juu ya swichi, sawasawa na mstari wa bomba.

Mahali ilipo swichi nako kunachangia. Uingereza ndani ya bafu hutumia sana swichi ya kamba inayoning'inia darini, mkono uliolowa unagusa kamba tu. Sisi tunaweka nje ya mlango, na ni sawa kabisa, mradi hiyo nje isiwe mvuani. Ikiwa ni ukuta unaopigwa na mvua, nunua swichi ya nje yenye mfuniko wa mpira, iliyoandikwa IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) au karibu na hapo. Kufunika ya kawaida kwa mfuko wa nailoni kunafungia unyevu ndani.

Imezimwa, lakini taa inamulikamulika usiku

Watoto husema bafuni kuna mtu. Hii ilikuja na taa za LED, maana zinawaka kwa umeme kidogo sana ambao balbu ya zamani isingeuhisi.

Ikiwa swichi yako ina kile kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha ilipo gizani, sababu huwa ni hicho. Kinapata umeme wake kwa kuupitisha kwenye balbu, na LED inaukusanya kidogokidogo kisha inamulika. Weka swichi isiyo na kitaa, au jaribu balbu ya aina nyingine. Unyevu ndani ya swichi unaleta hali hiyohiyo, na wakati mwingine ni nyaya ndefu tu zilizolala pamoja kwenye bomba moja.

Sababu mbaya ni swichi kufungwa kwenye nyutro badala ya laivu. Taa inawaka na kuzima kama kawaida, ila ikiwa imezimwa holda bado ina umeme, na anayebadilisha balbu akiamini amezima anaweza kupigwa. Njia ya kujua ni kutoa balbu, kuzima swichi, halafu kugusa skrubu zake mbili kwa testa huku umeme ukiwepo. Moja ikiwaka, uko kwenye laivu. Zisipowaka zote na testa ni nzima, uko kwenye nyutro. Balbu lazima itoke, la sivyo umeme unapita ndani yake na kukudanganya. Kama hujawahi kugusa waya wenye umeme kwa testa, usijifunzie bafuni.

Breka inaanguka ukiwasha

Toa balbu, washa tena. Ikitulia, balbu ndiyo mbovu. Ikianguka bado, maji au mjusi yuko kwenye holda, au nyaya za kwenda kwenye taa zimegusana. Swichi ni ya mwisho kushukiwa hapa.

Kuibadilisha sasa

Umeshajua ni swichi kweli. Nenda dukani na ile ya zamani mfukoni, kwa sababu vifuniko vinatofautiana matundu, na isome nyuma uone ampea. Ishike, ibonyeze mara kadhaa. Nzito kidogo na yenye mlio mmoja mkavu ndiyo nzuri. Yenye skrubu za bati laini zinazoliwa na bisibisi dukani itakutesa ukutani.

Mein imezimwa, testa imethibitisha. Fungua skrubu mbili, vuta swichi taratibu, piga picha kwa simu kabla hujalegeza chochote. Picha hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko kumbukumbu. Waya ukiwa mweusi au wa kijani kwenye ncha, kata sehemu hiyo, menya upya kama sentimita moja, usiichane shaba kwa kisu. Ukiwa mfupi usiuvute kwa nguvu, unga kipande kwa konekta. Kunja ncha mara mbili ili skrubu ipate cha kushika, ingiza, kaza, halafu vuta kila waya kwa vidole. Usitoke. Ganda la waya lifike mpaka mdomoni mwa terminali, shaba isibaki uchi.

Kurudisha kifuniko ndiko kunakouma waya. Nyaya zikunje kuelekea nyuma, zisipite mbele ya skrubu. Kama sikio la boksi limekatika na skrubu haina pa kushika, usiegeshe kwa gundi. Boksi jipya ni nafuu kuliko swichi inayotoka na mkono wa mtoto.

Umebadilisha, na sasa mambo mapya

Taa inawaka ukibonyeza upande wa kuzima: umeigeuza juu chini, au swichi ina terminali tatu (COM ni ya pamoja, L1 na L2 ni za pande mbili za kubonyeza) nawe umetumia L2. Tumia COM na L1. Haiwaki kabisa kwenye swichi ya terminali tatu: umeweka nyaya kwenye L1 na L2 na COM iko tupu.

Ile inayowachanganya zaidi ni kifuniko cha swichi mbili, moja ya bafuni na nyingine ya korido. Umebadilisha, ya bafuni inawaka, ya korido imekufa. Tazama ile ya zamani uliyoitupa kando: kuna kipande kifupi cha waya, urefu wa kidole, kinachounganisha COM ya kwanza na COM ya pili. Ndicho kinachopeleka laivu upande wa pili, na watu hukitupa na swichi ya zamani wakidhani ni takataka. Zima mein tena, kitoe, kihamishie kwenye mpya. Kisha washa na kuzima kila moja mara kumi, sikio likiwa karibu na kifuniko, na baada ya nusu saa rudi uweke mgongo wa kiganja.